Namna ya Kupima Nafasi ya Kilimo katika Uchumi wa Mkoa: Korosho na Mtwara

Mtu akiuliza kilimo kina nafasi gani katika uchumi wa Mtwara, jibu la haraka atakalopewa ni la tani na bei: msimu huu zimekusanywa tani kadhaa, na mnada wa kwanza umefunguliwa kwa shilingi kadhaa kwa kilo. Jibu hilo ni la kweli, lakini linafanana na kueleza hali ya kaya kwa kutaja mshahara wa baba peke yake, bila kusema wanaokula ni wangapi, nani anawadai, na tarehe 15 ya mwezi kinabaki nini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya diwani, ofisa mipango, mwanafunzi wa chuo au mwandishi wa habari anayetaka kupima jambo hili kwa namna inayoweza kukaguliwa na mtu mwingine. Njia inayopendekezwa hapa ni kuifuata shilingi ya zao tangu inapoingia mkoani hadi inapotoka, na kuhesabu imepita katika mikono mingapi kabla ya kuondoka.

Mtwara imechaguliwa kwa sababu ya karatasi zake. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za mkoa huu zimeuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao unamtaka mkulima apeleke mzigo wake katika chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, nacho chama kiupeleke ghala kuu, uuzwe kwa mnada chini ya chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, na malipo yapitie benki. Mfumo huo una wanaoutetea na wanaoulaumu, na lawama nyingine zina msingi, lakini kwa mpimaji una faida moja kubwa: karibu kila hatua huacha nyaraka. Anayefanya kazi hii Kagera kwa ndizi, ambazo nyingi huliwa nyumbani au kuuzwa kando ya barabara, atalazimika kutegemea mahojiano zaidi kuliko hati.

Anza na kalenda ya fedha

Kabla ya kutafuta takwimu yoyote, chukua karatasi, andika miezi 12, na mbele ya kila mwezi andika fedha inaingia kwa zao gani na inatoka kwa shughuli gani. Kazi hii huchukua saa moja ukikaa na wakulima watatu au wanne wa rika tofauti, wanawake wakiwemo, na itakuepusha na makosa mengi huko mbele.

Kwa Mtwara utaona kwamba korosho huanza kuokotwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na minada hushika kasi Oktoba, Novemba na Desemba. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na mbaazi hufuata. Upande wa matumizi, palizi na kupogolea matawi huja kabla ya maua, na kuanzia Juni hadi Septemba mkulima hupulizia salfa na viuatilifu vingine ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaounguza maua na kulifanya tawi lisizae. Ada, sare na madaftari hudaiwa Januari. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo miezi ya njaa, kwa kuwa chakula cha zamani kimekwisha na kipya hakijakomaa.

Ukishaichora kalenda hiyo, utafahamu kwa nini msimu wenye bei nzuri unaweza kumwacha mkulima na kidogo. Fedha ya ufuta ndiyo inayonunua nguvukazi ya korosho, kwa hiyo ufuta ukishuka bei mwezi Juni, mikorosho mingine haitapuliziwa ipasavyo mwezi Julai, na hasara hiyo itaonekana Novemba katika hesabu ya zao jingine kabisa. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa kiasi cha mbaazi kinachoruhusiwa kuingia nchini mwake, bei ya mbaazi ikaporomoka kusini mwa Tanzania, na wengi walioandika habari ile waliishia kwenye mbaazi. Mwenye kalenda mkononi angeuliza swali la pili: kaya zile ziliukabili vipi msimu uliofuata wa mazao mengine?

Kalenda pia ndiyo itakayokuonyesha kangomba anapoingilia. Kangomba ni biashara ya kununua korosho nje ya mfumo rasmi, aghalabu kwa fedha taslimu na kwa bei ya chini sana, na mara nyingine kabla korosho hazijadondoka. Serikali imekuwa ikiwasaka wanunuzi hao kwa miaka mingi. Lakini ukitazama miezi, utaona kwamba anachouza mkulima kwa kangomba ni ule muda wa kusubiri mnada na malipo ya benki, muda ambao mwenye mgonjwa ndani hana. Kwa hiyo, unapouliza kilimo kinaingiza kiasi gani, uliza pia fedha inaingia lini, kwa maana shilingi 1,500 za Agosti na shilingi 3,000 za Desemba zinaweza kutoka katika mti mmoja na kuingia katika nyumba mbili tofauti.

Fuata kilo moja tangu ghalani hadi mfukoni

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya muda wako. Chagua AMCOS moja ambayo viongozi wake wako tayari kukuonyesha vitabu, na uombe nyaraka za msimu mmoja uliokwisha: daftari la mapokezi, stakabadhi za ghala, taarifa za mnada na orodha ya malipo. Usichague chama bora kuliko vyote wilayani, kwa sababu hicho ndicho kinachoonyeshwa wageni.

Mkulima anapofika chamani, korosho zake hukaguliwa unyevu na ubora, kisha hupangwa daraja la kwanza au la pili. Andika uwiano wa madaraja hayo mawili. Msimu wenye mvua za mapema hulowesha korosho shambani na kuongeza daraja la pili, na bei ya daraja la pili iko chini kiasi cha kutosha kuharibu hesabu ya mtu anayezidisha tani zote kwa bei iliyotangazwa redioni. Bei ya redioni kwa kawaida ni ile ya juu ya siku hiyo, nayo huhusu sehemu tu ya mzigo. Unachohitaji ni wastani wa minada yote ya chama hicho, ukizingatia uzito uliouzwa katika kila mnada.

Baada ya hapo tafuta makato. Kati ya bei ya mnada na fedha inayoingia katika akaunti ya mkulima kuna ushuru wa halmashauri, fedha ya chama cha msingi, fedha ya chama kikuu, gharama za ghala, usafirishaji na magunia, na huenda michango ambayo wanachama waliipitisha wenyewe katika mkutano mkuu, kama ya ujenzi wa madarasa au zahanati. Ushuru wa mazao ya biashara ulikuwa asilimia 5 hadi mwaka 2017, ulipopunguzwa hadi asilimia 3. Andika kila kato katika mstari wake na mbele yake andika nani anapokea. Iwe kato limewekwa upande wa mnunuzi au upande wa mkulima, limetoka katika bei ile ile, kwa sababu mnunuzi mwenye akili hulihesabu kabla ya kutaja bei.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. AMCOS imekusanya tani 200, na wastani wa bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, kwa hiyo mauzo ni shilingi milioni 600. Makato yote ni shilingi 210 kwa kilo, yaani milioni 42, na wakulima wanapokea milioni 558. Chama kina wakulima 500. Ofisa mwenye haraka atagawa na kuandika kwamba kila mkulima amepata wastani wa shilingi 1,116,000. Usifanye hivyo. Fungua orodha ya malipo, uipange kuanzia mwenye kilo nyingi hadi mwenye kilo chache, kisha uigawe. Ikiwa wakulima 50 wa juu wameleta nusu ya mzigo, basi kila mmoja wao amepata kwa wastani shilingi 5,580,000, na kila mmoja wa wale 450 waliobaki amepata shilingi 620,000 kwa mwaka mzima. Hivyo ni vijiji viwili ndani ya kijiji kimoja, na fedha zao hazitumiki kwa njia moja: wa kwanza wananunua pikipiki, bati na pengine shamba la jirani, wa pili wanalipa deni la dukani na ada.

Ondoa sasa gharama za uzalishaji. Ziandike katika makundi mawili, gharama zinazolipwa kwa watu wa hapo hapo na gharama zinazolipia vitu vinavyotoka mbali. Vibarua wa palizi, wapuliziaji wanaolipwa kwa idadi ya miti, akina mama wanaookota na kutenganisha korosho na mabibo, mwenye toroli au bodaboda ya kubebea magunia: hawa wote wako katika kundi la kwanza. Salfa, viuatilifu, petroli na mashine za kupulizia ziko katika kundi la pili. Katika misimu ya karibuni serikali imegawa salfa na viuatilifu kwa ruzuku, kwa hiyo andika kando ni kiasi gani mkulima amekilipa mwenyewe na kiasi gani kimelipwa na hazina, usije ukadhani kilimo kimepunguza gharama ilhali gharama imehamishwa.

Magunia yana kichekesho chake. Korosho hufungwa katika magunia ya juti yanayotoka Asia, na yamewahi kuchelewa hadi wakulima wakabaki na mzigo nyumbani, katika nchi ambayo mkonge wake uliwahi kuongoza duniani. Mpimaji halazimiki kulitatua jambo hilo, ila aliandike: kila gunia ni shilingi iliyoondoka mkoani kabla mkulima hajalipwa.

Tafuta mahali shilingi inapolala

Ukiwa na hesabu ya fedha iliyobaki mikononi mwa watu, kazi inayofuata ni kujua inakwenda wapi. Hapa hutapata daftari la kukusaidia. Zungumza na wenye maduka sita au saba katika mji mdogo ulio karibu, kama Tandahimba, Newala au Masasi, na umuulize kila mmoja maswali yale yale: mauzo ya Novemba na Desemba yanazidi ya Machi mara ngapi, bidhaa zinazouzwa zaidi ni zipi, na amezinunua wapi. Muulize pia fundi seremala, mwenye mashine ya kusaga, wakala wa fedha za simu na dereva wa basi la mkoani.

Majibu yatakupa kile ambacho wachumi hukiita kizidishi, ingawa hesabu yake ni nyepesi kuliko jina lake. Ikiwa katika kila shilingi 100 zinazotumika mjini shilingi 40 hubaki mkoani, kama ujira wa fundi, bei ya kuku, au faida ya mama lishe, basi hizo 40 zitatumika tena na 16 zitabaki, kisha 6 na senti kadhaa, na ukijumlisha mizunguko yote utapata kama shilingi 167. Zikibaki 50 katika kila mzunguko, jumla inakuwa 200. Mkoa mmoja unaweza kulingana na mwingine kwa mauzo ya mazao na ukazidiwa mbali kwa utajiri, kwa sababu tu mmoja hununua unga, mafuta ya kula, milango na matofali yake ndani, na mwingine huviagiza vyote kwa lori kutoka Dar es Salaam.

Kwa sababu hiyo, usilipuuze duka la mabati. Bati ni kitu cha kwanza ambacho familia nyingi hununua baada ya msimu mzuri, na linaonekana kwa macho kutoka barabarani, lakini fedha yake huondoka siku ile ile. Matofali ya kuchoma, mbao na ujira wa fundi wa nyumba hiyo hiyo hubaki. Vivyo hivyo kwa sherehe za unyago, ambazo familia nyingi huzipanga kwa kutazama mavuno, na ambazo wataalamu wageni hupenda kuziita ubadhirifu. Ukizihesabu kwa makini utakuta kwamba fedha kubwa ya sherehe huishia kwa wafugaji wa kuku na mbuzi, wapishi, wapiga ngoma na washona nguo wa jirani, kwa hiyo kwa kipimo cha kubaki mkoani unyago unaweza kuipita pikipiki.

Panapovuja zaidi ni katika ubanguaji, yaani kazi ya kuitoa korosho katika ganda lake. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, ikabanguliwa huko na kuuzwa kama korosho karanga, ile punje ya ndani inayoliwa. Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya korosho karanga, na maganda hutoa mafuta makali yanayotumika viwandani. Unapoandika thamani ya zao, andika safu mbili: thamani iliyouzwa mnadani, na thamani ambayo ingepatikana kama mzigo huo ungebanguliwa mkoani, ukitoa gharama za kubangua. Kuwa mwaminifu katika kutoa gharama hizo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa mikopo ya nje, na vingi vilisimama vikiwa vipya, kwa kuwa wakati huo huo korosho za kuvilisha zilikuwa zinapungua. Kiwanda hakiwi na faida kwa sababu ramani inaonyesha kiko karibu na shamba. Kinahitaji mtaji wa kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, na mtaji huo mnunuzi wa nje anaupata kwa riba nafuu kuliko mbanguaji wa Mtwara.

Pato la mkoa na ushuru wa halmashauri

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa makadirio ya pato la kila mkoa, na utayahitaji, lakini yasome kwa uangalifu. Kitaifa kilimo huchangia zaidi ya robo ya pato na huajiri karibu theluthi mbili ya wenye kazi, na pengo kati ya namba hizo mbili linatosha kukueleza kwamba mchango wa sekta katika pato na mchango wake katika maisha ni vitu viwili. Mtwara pengo hilo huongezwa na gesi na saruji. Gesi ya Mnazi Bay huingia katika bomba lililoanza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2015, na kiwanda kikubwa cha saruji kilizinduliwa mkoani mwaka huo huo. Thamani ya shughuli hizo ni kubwa, ila wanaoajiriwa nazo ni wachache mno ukiwalinganisha na wenye mikorosho katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.6. Kwa hiyo ukiona sehemu ya kilimo katika pato la mkoa imeshuka kwa asilimia, angalia kwanza kama kilimo kimepungua au kama kitu kingine kimekua kando yake.

Kwa halmashauri kazi ni rahisi zaidi. Chukua taarifa za mapato ya ndani za miaka mitano, toa ushuru wa korosho, na uone kilichobaki kinaweza kulipia nini. Andika hasa matumizi yaliyopangwa kutegemea ushuru huo: posho za vikao, umaliziaji wa maboma ya madarasa, na mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hapo ndipo hata asiyekuwa na mkorosho mmoja anapoguswa na bei ya mnada.

Kuna pia fedha isiyopita halmashauri. Korosho ghafi zinazosafirishwa nje hutozwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa kati ya hivyo viwili. Hadi mwaka 2018 asilimia 65 ya tozo hiyo ilirudi kuendeleza zao, ikilipia pembejeo, miche na utafiti. Mwaka huo sheria ilibadilishwa na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, baada ya mvutano mkali bungeni. Mpimaji wa uchumi wa mkoa lazima awe na mstari wa tozo hii katika jedwali lake, pamoja na mstari wa kile kilichorudi, hata kama kimerudi kwa jina la ruzuku au barabara.

Hesabu na kisichouzwa

Muhogo wa Mtwara haupigwi mnada. Huvunwa kidogo kidogo, hukaushwa juu ya paa, hutwangwa na kuliwa, na kwa sababu hiyo ripoti nyingi huuruka. Uliza kaya 20 zimekula muhogo, mtama, mahindi na mchele wa mashamba yao kwa miezi mingapi, kisha ukadirie zingelipa kiasi gani dukani. Kwa wale wakulima 450 wa mfano wetu, wenye shilingi 620,000 kwa mwaka, chakula hicho ndicho kinachofanya hesabu yao iwezekane. Ongeza mabibo, ambayo hutengenezwa uraka, pombe ya kienyeji, na uraka huo huuzwa na akina mama kwa fedha ambayo kwa kawaida haiandikwi popote.

Tumia mwaka mbaya kama mizani

Hakuna kipimo kizuri cha umuhimu wa kitu kuliko siku kilipokosekana, na Mtwara imekuwa na siku hizo zaidi ya mara moja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi chini ya tani 20,000. Bei ndogo ilichangia, ubwiriunga ulichangia, na kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya pamoja kuliwaweka wengi mbali na mikorosho yao, ikabaki porini bila palizi. Anayetaka kujua korosho zilikuwa na maana gani kwa uchumi wa kusini na azungumze na wazee waliofanya biashara katika miaka hiyo miwili, mmoja mmoja.

Mfano wa karibu ni msimu wa 2018/19. Msimu wa kabla yake bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo na mavuno ya nchi yalizidi tani 300,000. Oktoba 2018 minada ya kwanza ilileta bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba Rais John Magufuli aliagiza jeshi likusanye korosho na serikali izinunue kwa shilingi 3,300. Bei hiyo ilipokelewa kwa furaha. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki wa mashamba, na kwa wengi yalichelewa kwa miezi. Katika miezi hiyo halmashauri zilizoegemea ushuru wa korosho zilikuta makadirio yao hayatimii, na wafanyabiashara waliojaza maduka wakisubiri Desemba walibaki na bidhaa.

Litumie tukio kama hilo hivi. Chukua mapato ya halmashauri kwa mwezi, idadi ya leseni mpya za biashara, abiria wa stendi, na mahudhurio ya wanafunzi wa sekondari Januari na Februari, kwa msimu wa 2017/18 na ule wa 2018/19. Weka namba za msimu mmoja ubavuni mwa namba za msimu mwingine. Kile kilichoanguka haraka kinategemea fedha taslimu ya zao. Kilichoanguka baada ya miezi kadhaa kinategemea akiba na mikopo. Ambacho hakikuanguka kina mguu mwingine wa kusimamia, nawe unapaswa kuutaja mguu huo. Kumbuka tu kwamba tofauti hiyo ilisababishwa zaidi na kuchelewa kwa fedha kuliko na udogo wa bei, na ndiyo maana kalenda ilitangulia.

Makosa ya kuepuka

Usichukue tani zilizopokelewa ghalani kuwa ndizo tani zilizozalishwa kijijini. Mzigo wa kangomba huingia kwa jina la mtu asiye na shamba, na korosho huweza kuvuka Mto Ruvuma kuelekea upande wenye bei nzuri. Linganisha orodha ya malipo na daftari la wakulima waliosajiliwa, na pale ambapo mtu mwenye miti michache ameuza magunia mengi, weka alama. Kazi yako hapa ni kusafisha takwimu, upelelezi waachie wenyewe.

Usilinganishe bei za miaka iliyopishana bila kuzipima kwa kitu kingine. Bei ilipita shilingi 4,000 msimu wa 2017/18 na ikapita tena msimu wa 2024/25, korosho zilipoanza kuuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, lakini shilingi hizo hazikununua kiasi kile kile cha unga. Badilisha bei kuwa kilo za unga wa sembe au mifuko ya saruji ya mwaka husika, na mkulima atakuelewa kabla ya mchumi.

Usisahau kwamba bei ya Tandahimba huamuliwa pia mbali. Nchi za Afrika Magharibi, Kodivaa ikiongoza, huvuna katika nusu ya kwanza ya mwaka, na korosho za kusini mwa Tanzania huingia sokoni wakati maghala ya wabanguaji wa Asia yameanza kupungua. Nafasi hiyo ya majira ni mali ya mkoa kama ulivyo udongo wake. Msimu ambao Afrika Magharibi imejaza maghala hayo kupita kawaida, nafasi hiyo hupungua, hata kama Mtwara hapakubadilika kitu.

Na kosa la mwisho ni la kudhani kwamba mradi mkubwa wa kilimo ni uchumi wa mkoa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walianzisha mpango wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zake. Fedha nyingi zilimwagwa, misitu ikasafishwa kwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilizaliwa na mpango huo, nayo ndiyo iliyobaki, ikaja kuhudumia zao ambalo wapangaji wale hawakulifikiria.

Namna ya kuandika matokeo

Ripoti yako isizidi kurasa nne, na ukurasa wa kwanza uwe na jedwali moja tu lenye safu tatu: fedha iliyoingia, fedha iliyobaki mkoani baada ya mzunguko wa kwanza, na fedha iliyotoka, pamoja na mahali ilikokwenda. Chini yake weka ile kalenda ya miezi 12. Kila namba iandikwe imetoka wapi, kama ni hati, mahojiano au makadirio yako mwenyewe, na makadirio yawe na kiwango cha chini na cha juu badala ya namba moja inayojifanya ya hakika. Mgawanyo wa wakulima wakubwa na wadogo usiufiche katika kiambatisho.

Kabla ya kuipeleka ofisi ya mkoa, irudishe kwa AMCOS uliyoanzia, uisome kwa sauti mbele ya wanachama, na uwaulize ni mstari gani si wa kweli. Katika uzoefu wangu mstari wa kwanza kubishiwa huwa ni wa gharama za kupulizia, na wanaoubishia huwa na risiti.